Bluzi Niliyoikimbiza

Nimefunga kibanda. Meza nimeihamishia nyumbani, lakini ubao wenye jina langu nimeuacha palepale ukutani, kwa sababu nataka kila anayeshuka stendi ya Same ajue kwamba hapo alikaa Fundi Mbazi. Kujishusha sijui. Shule niliishia darasa la nne kule Mwembe, na kalamu naishika kama bisibisi, lakini kuanzia Hedaru hadi Kisiwani hakuna redio iliyougua vibaya ambayo haikupita mikononi mwangu, na nyingi ziliondoka zikiimba. Walikuja waliosoma, na michoro yao wameikunja kwapani, wakatazama, wakakuna vichwa, wakaniachia kazi. Sikuacha kwa kushindwa. Macho tu yamegoma. Mguu wa transista siuoni tena mpaka niinamie karibu kabisa, na mara mbili mwaka huu chuma cha kuchomea risasi kimeniunguza nyusi.

Ninyi mnaotengeneza simu pale stendi mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi. Nani alinilipa nini, hayo hayatawasaidia. Cheo sikupewa na mtu, nilijipa mwenyewe. Nitaanza nilipoanzia, lakini mjue mapema kwamba naelekea kwenye kaseti moja, na habari ya kaseti hiyo si nzuri.

Aliyenifundisha ni Fundi Zuberi, mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma, mzaliwa wa Same hiihii, babu zake walikuja na biashara kabla ya reli. Siku ya kwanza nilitegemea anipe kitu kibovu nionyeshe ujanja wangu. Akanipa redio nzima, akaniweka kwenye kigoda, akasema nisikilize mpaka adhuhuri. Nikaona ananidharau. Siku ya pili ilikuwa vilevile. Siku ya tatu akang'oa waya mmoja nikiwa sioni, akaniuliza kilichopungua. Nikamtajia. Hakunisifu, alinipa bisibisi.

Kanuni yake ilikuwa moja, na alinirudia nayo kila asubuhi wakati tunafunika meza kwa kipande cha khanga, maana upepo wa Same mnaujua, huleta vumbi lote la tambarare na kulimwaga ndani ya redio iliyofunguliwa. Alisema: kabla hujagusa, muulize mwenyewe ilikuwaje ilipokuwa nzima. Basi. Mengine yote, alisema, nitajifunza kwa kuungua vidole.

Kanuni hiyo ilinipa jina. Mmasai mmoja alileta redio inayosema mchana tu. Mafundi wawili wa Mwanga walishaibadilishia nusu ya vipuri. Mimi nilimkalisha nikamuuliza, akanieleza kwamba ilianza baada ya kuanguka kutoka juu ya punda, na kwamba siku za baridi haisemi kabisa. Nikajua kuna risasi ya kuungia waya imepasuka mahali. Jua likiwaka chuma kinatanuka, ufa unafunga, redio inasema. Jua la Same lilikuwa linaitengeneza kila asubuhi, na jioni inavunjika tena. Nilichoma tone moja la risasi. Yule bwana alinitazama kama mganga, na mimi sikumkatalia.

Sasa niwaeleze neno la kazi yetu ya zamani, maana ninyi kaseti hamkuzikuta. Betri zikichoka, au mpira wa kuzungusha ukilegea, kaseti inavuta. Mwendo unapungua, sauti inashuka, mwimbaji anakuwa kama mtu aliyelewa. Dawa yake ni nyepesi. Unabadili mpira. Ukiona bado, nyuma ya mota kuna kitundu, na ndani yake skrubu ndogo kama punje ya ulezi. Unaingiza bisibisi ya saa, unazungusha kidogo sana, mwendo unapanda. Nilikuwa na sikio la jambo hilo kuliko mtu yeyote. Nilikuwa nikipita mbele ya baa, nasikia, naingia ndani kumwambia mwenye baa redio yake inavuta. Hakuna aliyewahi kunibishia.

Fundi Zuberi alikuwa ameshafariki, na kibanda kimeshakuwa changu, aliponijia mama mmoja kutoka Ndungu, jina lake Nakijwa. Alikuwa mjane wa Eliatosha, mpiga gitaa na mwimbaji wa Tambarare Jazz, bendi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge kule chini. Shamba lilishafungwa, bendi ilishakufa, na Eliatosha naye alishazikwa. Kaseti aliyokuja nayo ilikuwa moja tu duniani. Walijirekodi wenyewe kwenye klabu ya wafanyakazi, siku moja, wimbo mmoja upande wa kwanza, upande wa pili mtupu. Alitaka nakala. Alikuwa akiisikiliza kila Jumapili baada ya kanisa, na aliogopa utepe utakatika. Akaniachia akaenda sokoni.

Nikaiweka. Zamani kwenye dansi wimbo wa polepole tuliuita bluzi, ule ambao watu hucheza wameshikana na taa zimepunguzwa, kwa hiyo bluzi nilizijua. Hii ilizidi. Gitaa lilitoa noti tatu likanyamaza. Besi ilikwenda moja, mbili, tatu, nne, kisha ikasimama, mpaka nikadhani mpigaji ameondoka. Sauti ya mwimbaji ilitoka chini kabisa, kama inatoka kwenye gunia. Sikusikiliza hata ubeti wa kwanza ukaisha. Nikasema peke yangu: inavuta.

Sikumuuliza mwenyewe. Alikuwa sokoni, hatua mia moja kutoka mezani kwangu, na mimi sikumngoja. Niliingiza bisibisi, nikazungusha mpaka gitaa likachangamka na besi ikaanza kutembea kama mtu mwenye safari. Katikati, baada ya ubeti wa pili, palikuwa na kitu kama mlio wa panya. Nikajua ni uchafu wa hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, nikausafisha kwa spiriti. Haukutoka, nikauacha. Nikatoa nakala ya kwangu. Kisha, kwa wema wangu, nikachukua kaseti yake na kuirekodia upya, juu ya wimbo wa mwanzo, kwa mwendo uleule nilioutengeneza, ili nimrudishie kaseti iliyopona.

Aliporudi nikamsikilizisha. Alisimama na kikapu chake mkononi hakukiweka chini.

"Fundi, mbona kama wanakwenda haraka?"

"Ndivyo ilivyo, mama," nikamwambia. "Mashine yako ya nyumbani inavuta, ikakuzoeza vibaya. Masikio yako ndiyo yanakudanganya."

Aliitazama kaseti muda. Akaifunga kwenye pindo la kitenge. "Haya," akasema, "wewe ndiye fundi." Akaondoka, na kwangu hakurudi tena.

Nakala yangu ndiyo iliyoenea. Wimbo uliitwa Tupokezane, na kwa mwendo ule ulikuwa mtamu, siwezi kusema uongo. Nilipoanza kukodisha spika kwenye sherehe niliupiga kila harusi. Washereheshaji wakaupa kazi: ukianza tu, shangazi na mashemeji wanasimama na zawadi, mabeseni kichwani, magodoro, majiko, wanapokezana kutoka mlangoni hadi kwa maharusi, wanakata viuno. Kuna mstari unasema mama bado hajui, na hapo ukumbi mzima ulikuwa unacheka, kwa kudhani bibi harusi alitoroka kwao. Mkonge umekufa, nyimbo zimebadilika, kaseti zimekuwa simu, lakini Tupokezane haijaachwa. Mnayo ninyi kwenye simu zenu. Nilizoea kusema ukumbini, mbele ya watu, kwamba wimbo huo ulikuwa maiti nami ndiye niliyeufufua.

Mwaka jana masika yanakatika alinipigia simu mwanamke aliyejitaja kwa jina la Mwanahawa, wa Ndungu. Baba yake, Mzee Rajabu, ndiye aliyepiga besi Tambarare Jazz, na katika wale wote amebaki yeye. Mapafu yamekwisha, hospitali wamemrudisha nyumbani. Anamtaka fundi aliyetengeneza Tupokezane, aje na wimbo. Nilifurahi. Niliona mzee anataka kunishukuru kabla hajafa. Nikachagua deki yangu ya kaseti iliyo nzuri kuliko zote, nikatia ndani nakala yangu, nikaifunga kwenye blanketi, nikaipakata kwenye basi mpaka Ndungu, na shati nilivaa la sikukuu.

Nilimkuta amelala kwenye kitanda cha kamba, ameegemezwa mito mitatu ili apate pumzi. Mikono ilikuwa mikubwa kuliko mwili uliobaki. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanitazama nilivyovaa.

"Ndiye wewe uliyewakimbiza?"

Nikamuuliza akina nani.

"Wabebaji," akasema.

Pumzi yake ilitosha maneno machache, kwa hiyo habari niliipata kwa vipande, na vingine Mwanahawa alivijazia. Eliatosha alikuwa na mdogo wake, Ruben, aliyekuwa kazini kwenye korona. Ninyi mkisikia korona mnafikiria ugonjwa. Korona ni mashine ya kusaga majani ya mkonge, na haijui jani ni lipi na mkono ni upi. Ilimkamata Ruben asubuhi, na kabla lori halijapatikana alikuwa amekwisha. Mvua ilikuwa imekata barabara. Kwao ni juu, mlimani, na ilibidi azikwe kwao. Wakambeba kwa miguu, bendi nzima pamoja na watu wa zamu yake, tangu asubuhi ya pili hadi alasiri. Kwa desturi yao mwili hauwekwi chini njiani. Wanne wanabeba, wanne wanafuata, bega likishindwa mmoja anaita "tupokezane", na wa nyuma wanaingiza mabega huku machela ikiwa hewani. Juu kule mama yao alikuwa hajaambiwa. Hapakuwa na wa kutangulia, kila mwanamume alihitajika begani.

Kwa hiyo wimbo ni huo. Hatua nne, kisha kimya. Pale kwenye kimya ndipo bega linapokea. Mama bado hajui ni mama yule, yuko shambani kwake anapalilia, na mwanawe anapanda.

"Nimelala hapa," Mzee Rajabu akasema, "nasikia harusini kwa jirani. Mnakimbia naye, Ruben. Mnamtikisa."

Nikafungua deki, nikaiweka kwenye kiti karibu na mkono wake, nikatoa mfuniko wa nyuma, nikaingiza bisibisi. Nikamwambia anielekeze. Hilo ndilo swali la Fundi Zuberi, nililiuliza nikiwa nimechelewa miaka thelathini.

Hakuelekeza kwa mdomo. Alianza kugonga ubao wa kitanda kwa kidole cha kati, moja, mbili, tatu, nne, kisha kidole juu. Nikarudisha skrubu kidogo. Besi ya kwenye kaseti ilikuwa mbele ya kidole, nikarudisha tena. Bado mbele. Nilifika mahali sikio langu, sikio hili ninalojivunia, likaniambia basi, hapa sasa inavuta. Kidole hakikunifuata. Kilibaki nyuma kule, hakina haraka, nami nikarudisha skrubu tena, na tena, mpaka nikavuka pale nilipoikuta siku ya Nakijwa, nikaenda chini zaidi. Kumbe siku ile mashine yangu ilikuwa tayari inakimbia, hata kabla sijaigusa.

Kisha vikakutana. Kidole na besi vikaanguka pamoja, na Mzee Rajabu akaacha kugonga, akaulaza mkono.

Nimesikiliza muziki maisha yangu yote kwa kutafuta ubovu. Siku ile ndiyo mara ya kwanza nilisikiliza tu. Zile noti tatu za gitaa zinapanda na ya tatu haifiki, inashikwa chini kidogo ya mahali pake, makusudi, kama mtu anayeinua kitu akakuta kizito kuliko alivyodhani. Mpiga ngoma hapigi, anasugua, na kwa mwendo ule unasikia wazi kwamba ni nyayo kwenye changarawe. Halafu Eliatosha anaimba, hapandishi sauti hata mara moja:

*Tupokezane, bega lina ganzi,*
*tupokezane, mama bado hajui.*

Haimbi kwa ajili ya watu wa klabu. Anamwimbia aliye nyuma yake. Na baada ya kila mstari besi inasimama, na katika kile kimya, ambacho mimi nilikifupisha mpaka kikapotea, unawasikia wenzake wanavuta pumzi wote kwa pamoja.

Ubeti wa pili ukaisha. Nikaungojea mlio wa panya. Haukuja mlio wa panya. Ilikuja sauti ya mwanamume analia, anajizuia, mara moja tu, na juu yake sauti ya mwingine, ya upande, mbali na maikrofoni, inasema taratibu:

"Lete, Eli. Nimekupokea."

Mwanahawa alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Akasema, "Huyo ni baba." Mzee Rajabu alikuwa amefumba macho.

Ubeti wa tatu hauna maneno. Miaka yote nilijua kwamba walisahau, au kwamba huo ni mtindo. Eliatosha hakuweza kuimba, na Rajabu akauimba ubeti ule kwa besi, neno kwa neno, silabi kwa silabi, mpaka juu kwa mama. Ukishajua unayasikia maneno yenyewe. Mpiga besi ambaye kazi yake ni kushika hatua aliubeba pia na wimbo, na hatua hakuziacha. Wapigaji wengi nimewahudumia, na wengine majina yao yanajulikana Dar na kwingine, lakini kitu kama kile sijakisikia tena, na nilikuwa nacho kwenye droo.

Wimbo ulipokwisha aliniuliza kaseti ya Nakijwa iko wapi, ile yenyewe. Nilikuwa na jibu la siku zote, kwamba mashine yake iliimeza. Nilishawajibu hivyo wengi.

"Niliifuta mimi," nikasema.

Alivuta pumzi mara kadhaa kabla hajaweza kusema. "Alikuja hapa, Nakijwa," akasema. "Akaniambia fundi amemwambia masikio yake ni mabovu. Akaacha kuusikiliza. Alikuwa na huo tu wa mume wake, na akauacha, kwa sababu alijiona amemsahau."

Nakijwa alikufa akiamini hivyo. Nimeuliza tangu wakati ule, nikaambiwa hata kanisani aliacha kuimba.

Mzee Rajabu akaomba wimbo upigwe tena. Tuliupiga mpaka muda wa swala ya alasiri, na hakuniambia neno jingine, la kunisamehe wala la kunilaani. Nilipoaga aliinua kidole kile kimoja kutoka kwenye shuka, nami sijui hata leo kilimaanisha nini.

Alifariki siku ya nne. Akazikwa siku ileile, na muziki haukuwepo, dini yake haitaki. Nilisimama kwenye mstari mpaka nikapata nafasi chini ya jeneza. Watu wa dini yake hubeba haraka, ndivyo wanavyofundishwa, na mabega yanaingia na kutoka kama maji. Miguu yangu ilitaka kuhesabu nne na kusimama. Aliyekuwa nyuma akanigusa mgongoni. "Mzee, nipishe nikupokee," akasema, na mzigo ukaniondoka nikiwa sijafika hatua ya kumi.

Nilirudi Same nikairekodi Tupokezane kwa mwendo wake, nikampelekea mshereheshaji mmoja ninayemheshimu, nikamwambia hii ndiyo yenyewe, ile tuiache, si ya harusi ile. Aliisikiliza akiwa amesimama, kama alivyosimama Nakijwa. Haikufika ubeti wa kwanza.

"Fundi," akasema, "samahani. Hii inavuta."

Nikamwambia ndivyo ilivyo. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayeona macho yangu yamegoma na sasa masikio yanafuata. Jumamosi ile niliusikia ule wa haraka kutoka ukumbi wa jirani, na vigelegele, na kicheko pale kwenye mama bado hajui. Siwezi kuwalaumu. Niliwafundisha mimi.

Basi kazi yangu yote, redio zote hizo, naona imebaki kitu kimoja. Deki iko nyumbani kwangu, juu ya kabati, na kaseti iko ndani yake. Skrubu ya mwendo nimeiziba kwa rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, isisogee hata kwa bahati mbaya. Anayetaka kusikiliza aje mchana, kiti kipo, akae mpaka mwisho. Na siku mimi sipo, mmoja wenu akaletewa mashine hiyo, akaifungua, akasikia anachosikia, mkono wake ukaenda kwenye bisibisi, nimeandika haya yote ili aurudishe mkono. Haivuti. Wamebeba mtu.